Safari ya Angani Huamuliwa Ardhini

Mkazi wa Kyela hahitaji kuelezwa ukungu ni kitu gani. Wilaya yake imelala bondeni kando ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mashariki, nyuma ya Matema, milima ya Livingstone imesimama kama ukuta uliochomoza majini. Kaskazini, Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000. Upepo wa kusi unapousukuma unyevu wa ziwa ukakutana na kuta hizo, unyevu hupanda, hupoa, kisha hugeuka mawingu na mvua. Ndiyo siri ya mpunga, kakao na migomba inayostawi katika ardhi hiyo. Lakini neema hiyo hiyo ya mvua ni mtihani kwa kila anayetaka kupita juu yake kwa ndege.

Msafiri wa Kyela, Ipinda au Matema anayetaka kupanda ndege ya abiria hupandisha mlima hadi Tukuyu, akashika njia ya Uyole, akaupita mji wa Mbeya na kufika Uwanja wa Ndege wa Songwe, ulioanza kutumika Desemba 2012 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani wa Mbeya. Huko, hasa katika miezi ya mvua, wasafiri wamezoea kusikia tangazo fupi kwamba ndege imechelewa, au haitatua, kwa sababu ya hali ya hewa. Tangazo hilo hupokewa kwa manung'uniko. Mmoja ana kesi mahakamani, mwingine ana mgonjwa, wa tatu ameacha jeneza linamsubiri.

Wiki hii tumeona tulifungue tangazo hilo na kutazama kilichomo ndani yake. Tunataka familia zetu zifahamu jambo moja: uamuzi mkubwa kabisa katika safari ya ndege, yaani kuruka, kusubiri au kurudi, msingi wake hujengwa ardhini kabla injini haijawashwa. Na sisi abiria, pamoja na ndugu wanaotusubiri, tuna sehemu yetu katika kuulinda uamuzi huo au kuuharibu.

Kanuni mbili za kuruka

Ulimwenguni kote ndege huruka chini ya moja ya kanuni mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa kuona. Rubani huiongoza ndege yake kwa macho, akitazama upeo wa macho, milima, mito na ndege nyingine. Ili aruhusiwe kufanya hivyo lazima hewa iwe safi. Kwa viwango vya kimataifa, ndege inayoruka kwa kuona chini ya futi 10,000 kwa kawaida hutakiwa iwe na uwezo wa kuona umbali wa kilomita 5, na ikae mbali na mawingu kwa mita 1,500 kwa upande na mita 300 kwa juu au chini.

Ya pili ni kuruka kwa vyombo. Hapa rubani anaweza kuingia ndani ya wingu asione hata ncha ya bawa lake, na bado akajua alipo, anakoelekea, kimo chake na mwendo wake. Mbele yake kuna vyombo sita vya msingi: cha mwendo, cha kimo, cha kupanda na kushuka, cha mwelekeo, cha kuonyesha ndege inavyogeuka, na kile kinachochora upeo wa macho wa bandia ili ajue kama mabawa yamelala sawa. Nje ya ndege yupo mwongozaji ndege anayezitenganisha ndege zisigongane, na ipo mitambo ya redio na satelaiti inayoonyesha njia.

Uwezo huu haukuwapo tangu mwanzo. Tarehe 24 Septemba 1929, karibu na New York, rubani Jimmy Doolittle aliketi katika chumba kilichofunikwa asione nje, akaruka, akazunguka na kutua kwa kutumia vyombo peke yake, huku rubani mwenzake ameketi kiti cha mbele kwa tahadhari. Tangu siku hiyo ilithibitika kwamba binadamu anaweza kuruka bila kuona nje. Lakini ilithibitika pia kwamba kazi hiyo ina elimu yake. Hadi leo, leseni ya kawaida ya urubani haimruhusu mtu kuingia mawinguni. Lazima asomee kibali cha kuruka kwa vyombo, na viwango vya kimataifa vinamtaka awe na saa zisizopungua 40 za mazoezi ya vyombo.

Mwili unaposema uongo

Msomaji anaweza kuuliza: kwani rubani mzoefu akiingia kwenye wingu dogo, hawezi kunyoosha usukani akatoka upande wa pili? Jibu liko ndani ya sikio la binadamu. Humo mna mirija midogo yenye majimaji, ambayo hutuambia tunapogeuka na tunapoinama. Ndege ikigeuka polepole kwa mfululizo, baada ya kiasi cha sekunde 20 majimaji yale hutulia, na rubani huhisi amenyooka ilhali bado anageuka. Akiirudisha ndege katika hali iliyonyooka, huhisi amepinda upande wa pili, naye huirudisha tena kwenye kosa. Ndege huanza kuzunguka ikishuka, yeye akiamini kwa dhati kwamba yuko sawa.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani walichukua watu 20 wasio na mafunzo ya vyombo, wakawaweka angani katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, yaani hata dakika tatu hazikutimia. Lakini watu hao hao walipofundishwa namna ya kuvitumia vyombo ili kugeuza ndege na kutoka walikotoka, karibu kila jaribio lilifaulu. Utafiti ule uliwafundisha marubani jambo la kwanza la kufanya mawingu yanapowafunga: kuamini vyombo, kuacha kuamini mwili, na kurudi nyuma.

Hatari hii haichagui mtu kwa cheo wala mali. John F. Kennedy Mdogo, mwana wa Rais wa zamani wa Marekani, alikufa tarehe 16 Julai 1999 pamoja na mkewe na shemeji yake, baada ya ndege aliyokuwa akiirusha kuanguka baharini usiku wenye utusitusi. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo, na wachunguzi walieleza kwamba alipotewa na mwelekeo juu ya maji yaliyokuwa giza tupu.

Wakazi wa mwambao wa Nyasa wataelewa haraka. Wameona wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kwa mamilioni hadi mgeni akadhani ni moshi wa meli au wingu la mvua. Jicho likiwa juu ya maji mapana hudanganyika mchana kweupe. Je, usiku, au ndani ya ukungu?

Hesabu za kabla ya kuruka

Kwa hiyo rubani mwenye busara huanza safari yake akiwa mezani, na karatasi na kalamu, au siku hizi na kishikwambi. Tuzipitie hesabu zake moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ni hali ya hewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za viwanja vya ndege: upepo unatoka wapi na kwa kasi gani, mwonekano ni wa umbali gani, mawingu yako kimo gani, joto na mgandamizo wa hewa ni kiasi gani. Zipo taarifa za hali ilivyo sasa na zipo za utabiri wa saa zijazo. Rubani hatosheki na hali ya anakotoka. Husoma ya anakokwenda, ya njiani, na ya mahali atakapokimbilia mambo yakiharibika. Husoma pia matangazo ya wanaanga, yanayoeleza kama taa za njia ya kurukia hazifanyi kazi, au kama mtambo fulani wa kuongozea umezimwa kwa matengenezo.

Ya pili ni kimo. Viwango vya kimataifa vinaitaka ndege inayoruka kwa vyombo katika nchi ya milima ibaki angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote kilicho ndani ya kilomita 8 kutoka ilipo, isipokuwa wakati wa kuruka na kutua. Kwa Rungwe, hesabu hiyo hufikia kiasi cha mita 3,600 juu ya usawa wa bahari. Sasa tuchukue mfano. Rubani yuko juu ya ufukwe wa Kyela, mita 1,500 juu ya maji. Akitazama chini anajiona yuko juu sana. Ukweli ni kwamba yuko chini kuliko kilele cha Rungwe kwa takriban mita 1,000. Siku ya jua atauona mlima na kuukwepa. Siku ya ukungu kinachomwokoa ni namba aliyoiandika kabla ya kuondoka.

Namba hiyo nayo inategemea chombo cha kimo, ambacho hufanya kazi kwa kupima mgandamizo wa hewa. Mgandamizo hubadilika kila siku, hivyo rubani lazima akirekebishe kwa taarifa ya uwanja husika. Kosa la hektopaskali 10 tu ni kosa la mita zipatazo 80. Penye milima, mita 80 zaweza kuwa tofauti ya kupita na kutopita.

Ya tatu ni mafuta na uwanja wa akiba. Mafuta ya kufikia mwisho wa safari peke yake hayatoshi. Lazima yawepo ya dharura zisizotarajiwa, ya kwenda uwanja wa akiba, kisha akiba ya mwisho ya kukaa angani dakika 30 kwa ndege za injini za jeti au turbini, na dakika 45 kwa ndege ndogo za pistoni. Tuseme ndege inatoka Dar es Salaam kwenda Songwe asubuhi ya masika, na rubani ameamua uwanja wake wa akiba ni Dodoma. Basi tangu Dar es Salaam amebeba uwezo wa kufika Mbeya, kukuta ukungu, na kwenda zake Dodoma akiwa na utulivu. Asiyebeba uwezo huo hana hiari. Atatua kwa sababu mafuta yanamlazimisha, na ndege inayotua kwa kulazimishwa iko ukingoni mwa msiba.

Ya nne ni kikomo cha kushuka. Kila uwanja wenye njia ya kutua kwa vyombo una kimo kilichowekwa, ambacho rubani akikifikia bila kuiona njia ya kurukia wala taa zake, hana ruhusa ya kuendelea kushuka. Kwa mtambo wa kawaida wa redio unaoongoza ndege hadi njiani, kikomo hicho huwa kama futi 200, yaani mita 60 juu ya ardhi. Hapo hakuna majadiliano. Huongeza nguvu ya injini, hupanda, na kufuata njia ya kupandia iliyochorwa mapema ili asigonge kilima. Kwa sababu hiyo rubani na msaidizi wake huzungumzia njia ya kurudi kabla hawajaanza kushuka.

Ya tano ni ndege yenyewe. Hukagua mabawa, injini, mafuta yasiwe na maji, vyombo, redio, taa, maboya ya kuokolea na kifaa kinachotuma ishara ndege inapoanguka.

Ya sita, na pengine iliyo ngumu kuliko zote, ni rubani mwenyewe. Je, ni mgonjwa? Amekunywa dawa inayoleta usingizi? Amelala vya kutosha? Ana msiba au ugomvi nyumbani? Amekula? Hapa tunawakumbusha ndugu zetu Waislamu walio katika kazi hii kwamba dini imempa msafiri ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Aliyebeba roho za watu huku akisikia kizunguzungu kwa swaumu hajachagua lililo bora.

Yaliyotokea Mzuzu na Bukoba

Asubuhi ya tarehe 10 Juni 2024, ndege ya Jeshi la Ulinzi la Malawi aina ya Dornier 228 iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu, kaskazini mwa Malawi. Ilikuwa na watu tisa, akiwamo Makamu wa Rais Saulos Chilima na mke wa zamani wa Rais Bakili Muluzi, Bi. Patricia Shanil Muluzi. Walikuwa wakienda kwenye mazishi ya waziri wa zamani Ralph Kasambara, huko Nkhata Bay, kando ya ziwa hili hili. Ndege ilipofika eneo la Mzuzu haikuweza kutua kwa sababu mwonekano ulikuwa hafifu, ikaelekezwa irudi Lilongwe. Mawasiliano yakakatika. Mabaki yalipatikana siku iliyofuata katika msitu wa Chikangawa, eneo la vilima. Hakuna aliyenusurika.

Msiba huo uliingia majumbani mwa watu wa Kyela pia, kwa kuwa mto Songwe umeigawa nchi lakini haukugawa ukoo, na Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa Karonga wana undugu wa karibu. Sisi si wachunguzi, wala hatumhukumu rubani aliyekwisha kufika mbele ya Mola wake. Tunataja jambo moja tu lililoelezwa katika taarifa ya awali ya ofisi ya Ujerumani inayochunguza ajali za ndege: betri ya kifaa cha kutuma ishara ya ajali ilikuwa imepitwa na muda wake tangu mwaka 2004. Kifaa hicho hakiizuii ndege kuanguka. Lakini kinaonyesha jinsi jambo dogo la ukaguzi wa ardhini linavyokuja kuwa kubwa siku ambayo nchi nzima inatafuta watu wake msituni.

Kwetu Tanzania, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam kwenda Bukoba kupitia Mwanza iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 wakaokoka. Wavuvi wa Bukoba ndio walioifikia ndege kwanza kwa mitumbwi yao. Mwambao wa Nyasa, wenye wavuvi wake na bandari zake za Itungi na Kiwira, una funzo hapo: penye uwanja kando ya maji au mlima, mwisho wa safari ndiyo sehemu inayotaka tahadhari kubwa kuliko zote.

Haraka ya mazishi

Tumetaja kwamba abiria wa ndege ya Malawi walikuwa njiani kwenda mazishini, nasi tumelitaja kwa makusudi. Katika jamii zetu hakuna safari yenye haraka kuliko ya mazishi. Sisi Waislamu tumefundishwa kutomchelewesha maiti, na mtoto aliye Dar es Salaam au Muscat hutaka amwone mzazi wake kabla hajafukiwa. Simu hupigwa kila nusu saa: mmefika wapi? Mbona hamruki? Rubani wa ndege ya kukodi akisikia kilio hicho nyuma ya kiti chake, moyo wake nao ni wa binadamu.

Hapo ndipo familia inapotakiwa isimame na ukweli. Kumzika maiti ni faradhi ya kutoshelezana. Waliopo wakiitekeleza, aliyekwama Songwe kwa ukungu hana dhambi, na dua yake haihitaji ndege ili imfikie marehemu. Kumshinikiza rubani aruke ili watano wawahi kaburi moja kunaweza kuongeza makaburi mengine matano. Wala kusubiri si upungufu wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Kila mtoto wa madrasa anaijua habari ya mtu na ngamia wake: kamba hutangulia, kisha tawakali.

Tunashauri basi yafuatayo. Mwenye miadi isiyosogezeka, kama ndoa, mahakama, hospitali au ndege ya kuunganisha kwenda nje, asafiri siku moja kabla katika miezi ya mvua. Anayekodi ndege ndogo aulize bila haya: hali ya hewa ya tunakokwenda ikoje sasa? Uwanja wa akiba ni upi? Mafuta yanatosha kufika huko na kubakiza? Rubani ana kibali cha kuruka kwa vyombo, na ndege inavyo? Rubani makini hachukizwi na maswali hayo. Anayechukizwa amekwisha kujibu.

Ndani ya ndege, wazazi wawasikilizishe watoto maelezo ya usalama badala ya kuwapa simu wacheze. Wahesabu viti vilivyopo kati yao na mlango wa dharura. Wajue kwamba boya la kuokolea halijazwi upepo ndani ya ndege, kwani maji yakiingia litamwinua mtu hadi darini na kumzuia kutoka. Na rubani akitangaza kwamba hatutui, tunarudi, asisikike mtu akiguna. Tangazo hilo ni matunda ya hesabu iliyofanywa asubuhi, kwa ajili yetu, na mtu ambaye hakukubali kubahatisha.

Wazee wa Matema hawahitaji sana kufundishwa haya. Wanamheshimu nahodha anayetazama rangi ya maji na mwendo wa upepo, kisha akauvuta mtumbwi wake mchangani na kusema leo hatutoki. Hawamwiti mwoga. Kesho yake humpa watoto wao awavushe. Rubani anayerudi na ndege yake Dar es Salaam, abiria wote wakiwa wazima na wamekasirika, anastahili heshima ile ile.